Nani Alipanga Zamu Ile?

Uzembe ukitokea katika nyumba ya wazee huku Marekani, wa kwanza kunyooshewa kidole ni yule aliyekuwa zamu. Yeye ndiye aliyeonekana. Kengele ililia hakufika, nepi ililowa hakuibadilisha, na karatasi ina saini yake. Hapa Houston, aliyekuwa zamu mara nyingi ni mwenzetu: Mkongo, Mkenya, Mtanzania, Mnigeria, mtu aliyetoka kazi moja mchana na kuingia nyingine jioni ileile. Nilipoamua kudai fidia kwa yaliyompata baba yangu, nilijua tangu mwanzo kwamba kesi itasukumwa imwangukie mtu wa namna hiyo. Sehemu kubwa ya nguvu zangu iliishia katika kuizuia isimwangukie.

Nasema hivyo kwa sababu nimeifanya kazi hiyo. Kabla ya kupata kazi ya ofisini nilikuwa msaidizi wa wauguzi, CNA kama tunavyojiita wenyewe, kazi ambayo Waswahili wengi wa hapa wameanzia maisha. Sheria ya shirikisho inataka mafunzo ya saa 75 tu. Texas inataka 100. Baada ya hapo unapewa vyumba vyako na orodha ya majina. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, kwa sababu ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro haipati damu, na ngozi isiyopata damu hufa. Ndivyo kinavyoanza kidonda cha kulalia. Mafunzoni tuliambiwa tutafute wekundu. Katika ngozi nyeusi kama ya baba yangu wekundu hauonekani. Inabidi upeleke mkono, usikie joto au ugumu ambao jana haukuwepo. Mtu anayekimbia hana nafasi ya kupeleka mkono.

Piga hesabu. Zamu ya saa nane ni dakika 480. Ukipewa wazee 20, kila mmoja ana dakika 24, na ndani ya hizo 24 kuna kumgeuza mara nne, kumsafisha, kumlisha, kumpeleka msalani, kumsikiliza akisema anaumwa, na kuandika. Wapo wanaohitaji watu wawili ili wageuzwe salama, kwa hiyo dakika zako huliwa na wazee wa mwenzako, na zake huliwa na wako. Hakuna bidii wala huruma inayoongeza dakika. Kinachotokea, na yeyote aliyewahi kufanya kazi hiyo atakiri mkiwa wawili, ni kwamba watu huchagua: huyu anageuzwa, yule anasubiri. Kisha mwisho wa zamu karatasi zote zinajazwa, maana karatasi yenye pengo humfukuzisha mtu kazi.

Baba alikuwa mtu wa Tanga. Alikuja Houston miaka ya 1980, akabaki, akafanya kazi ya kuchomelea vyuma kwenye karakana za kando ya mfereji wa meli mpaka akastaafu. Kiharusi kilimshika upande wa kulia. Hospitali walimtibu, kisha wakasema anahitaji mazoezi ya viungo kila siku na uuguzi wa saa zote, na kwamba Medicare, bima ya wazee, ingelipia nyumba ya wazee kwa muda baada ya kulazwa hospitali siku tatu au zaidi, hadi siku 100. Sisi tunaishi ghorofani bila lifti. Tulikubali.

Shangazi alinipigia simu kutoka Tanga. "Mwanangu," alisema, "mzee ana watoto, ana wajukuu, halafu mnampeleka kwa watu baki?" Nilimweleza habari za ngazi, za mazoezi, za mashine ya kumwinulia. Alinyamaza, na nilijua hajaridhika. Ninaitaja simu hiyo kwa sababu aibu ile ina kazi yake katika mambo haya. Familia nyingi za kwetu hazidai lolote baada ya kuumizwa, kwa kuwa kudai ni kutangaza mbele ya watu kwamba mzazi wenu alikuwa huko. Kampuni hazihitaji kututisha, tunajinyamazisha wenyewe.

Siku ya kumpokea waliniletea lundo la karatasi. Miongoni mwake palikuwa na mkataba wa kukubali kwamba ugomvi wowote utakaotokea utaamuliwa na mwamuzi wa faragha, si na mahakama yenye wazee wa baraza. Niliuweka kando bila kuusaini, na mhudumu wa ofisi akasema ni wa kawaida, kila mtu husaini. Wakati huo nilikuwa najua jambo moja tu, kwamba sipendi kusaini leo namna ya kugombana kesho. Baadaye wakili alinieleza kwamba kanuni ya shirikisho ya 2019 inakataza nyumba ya wazee kuufanya mkataba huo kuwa sharti la kumpokea mtu, na hata aliyekwisha kuusaini ana siku 30 za kuutengua. Mahakama Kuu ya Marekani imekuwa ikiilinda mikataba hii kwa nguvu. Mwaka 2017, katika kesi iliyotoka Kentucky, iliamua kwamba jimbo haliwezi kuiwekea vizuizi ambavyo mikataba mingine haiwekewi. Kwa hiyo karatasi ile moja ndiyo huamua, kabla mtu hajaumia, kama mlango wa mahakama utakuwa wazi.

Kidonda kilikuwa chini ya mgongo, penye kifandugu. Sisi tulimwona baba akiwa amevaa, amefunikwa shuka, ameegeshwa kwenye kiti. Nilikuwa nauliza habari za ngozi yake, nikijua ninachouliza, na nikijibiwa kwamba kuna "wekundu kidogo" unaopakwa dawa. Nikiomba kuona, naambiwa muuguzi wa vidonda anakuja siku fulani. Kisha homa ilipanda, maneno yake yakachanganyika, na gari la wagonjwa likaitwa.

Kule hospitali, katika chumba cha dharura, kitu cha kwanza walichofanya ni kumgeuza na kumpiga picha. Niliona mfupa. Mtu aliyewahi kufanya kazi yangu anajua maana yake: hatua ya nne, ya mwisho katika kipimo, kidonda kilichopita ngozi, mafuta na nyama. Maambukizi yalikuwa yameingia kwenye damu. Muuguzi aliyepiga picha alikuwa mpole sana kwa baba, na picha ile ndiyo iliyokuja kuibeba kesi. Haikuwa bahati tu. Tangu Oktoba 2008 Medicare hailipi hospitali gharama za ziada za vidonda vya namna hiyo vikitokea ndani ya hospitali, kwa hiyo hospitali hukagua ngozi ya kila anayeingia na kuandika alichokuja nacho. Wanajilinda wenyewe, na katika kujilinda wanamwachia mgonjwa ushahidi wenye tarehe na saa. Aliye na mzazi katika hali hii aombe picha hizo mapema.

Mkazi wa nyumba ya wazee, au anayemwakilisha kisheria, ana haki ya kupata nakala za jalada lake kwa kutoa taarifa ya siku mbili za kazi. Niliomba kwa maandishi. Lilikuja jalada zito, na nilikaa nalo mezani kama mtu anayesoma lugha yake ya zamani. Zile karatasi za kugeuzwa zilikuwa zimejazwa vizuri mno: kila saa mbili, upande wa kushoto, mgongo, kulia, saini. Kisha nikafika siku ya mwisho. Baba aliondoka pale asubuhi kwa gari la wagonjwa. Kulingana na karatasi, aligeuzwa mchana, akageuzwa alasiri, na jioni akala nusu ya chakula chake.

Nililia, halafu nikaanza kufikiri kama mfanyakazi. Aliyeandika vile hakuwa anaficha kitu mahususi. Hakujua hata kwamba baba ameondoka. Alikuwa anajaza karatasi za watu wengi kwa mkupuo mmoja, kama zilivyojazwa siku zote. Karatasi ile ilinieleza kuhusu jengo zima kuliko ilivyonieleza kuhusu mtu mmoja.

Kupata wakili kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Wanalipwa asilimia ya kitakachopatikana, na wasipopata hawalipwi, kwa hiyo kila wakili hupima kwanza kama kesi itarudisha gharama. Wa kwanza aliniuliza baba ana umri gani. Kisha akauliza kama alikuwa bado anafanya kazi. Nilipojibu kwamba alikwisha kustaafu, sauti ilibadilika. Sheria hugawa hasara mafungu mawili: inayohesabika kwa fedha, kama mshahara uliopotea na bili za hospitali, na isiyohesabika, ambayo ni maumivu, udhalili na maisha yaliyovurugwa. Mstaafu hana mshahara wa kupoteza, na bili zake zimelipwa na bima. Kilichobaki ni maumivu yake, na Texas imeyawekea dari. Tangu mabadiliko ya 2003, yaliyotiwa nguvu na kura ya kurekebisha katiba ya jimbo mwaka huohuo, hasara isiyohesabika haizidi dola 250,000 dhidi ya nyumba moja ya aina hiyo, na kiwango hicho hakijapandishwa kufuata gharama za maisha.

Wanasiasa walisema dari ile ingewapunguzia madaktari gharama za bima na kuwavuta waje Texas. Sitabishana na hilo hapa. Ninachojua ni nani aliyelipia: wazee, watoto wadogo na akina mama wa nyumbani, kila asiye na mshahara, kwa sababu hasara yao yote imo katika fungu lile lenye dari. Mhandisi wa miaka 40 akiumizwa vilevile, kidonda kilekile, mfupa uleule, mahakama itamhesabia miaka 25 ya kipato. Baba yangu alichomelea vyuma vya mji huu kwa miongo, na kidonda chake kikawa kesi ambayo mawakili wanaikataa kwa adabu.

Niliyempata mwishoni alikuwa mwanamke mtulivu aliyesoma karatasi ile ya kugeuzwa mara mbili na kuiweka pembeni. Alinieleza njia bila kuipamba. Muda wa kufungua kesi ni miaka miwili. Kabla ya kufungua, mshitakiwa hupewa notisi ya siku 60. Na ndani ya siku 120 baada ya mshitakiwa kujibu, lazima tuwasilishe ripoti ya mtaalamu wa tiba inayosema kiwango sahihi cha huduma kilikuwa kipi, kilivunjwa vipi, na kuvunjwa huko kulisababishaje madhara. Ukichelewa, kesi inafutwa na unaweza kuamriwa ulipe gharama za wakili wa upande wa pili. Daktari wa kuandika ripoti hiyo analipwa, na fedha yake hutangulizwa na wakili. Ndiyo maana wanakataa kesi nyingi za kweli.

Shangazi alipiga tena. "Na sasa mnataka pesa ya kidonda?" Nilimjibu kwa heshima lakini sikurudi nyuma. Nilimwambia: Shangazi, pale nyumbani mtu akimuumiza ndugu yako, wazee hukaa, aliyekosa anaitwa, anaulizwa, anajibu mbele za watu, na kitu kinatolewa. Huku hakuna baraza litakalomwita mwenye kampuni. Kuna karatasi ya mahakama tu. Ndiyo pekee inayomlazimisha ajibu chini ya kiapo. Safari hii aliniambia, "Basi mwulizeni vizuri."

Walipojibu, walijibu kama nilivyotarajia. Kwanza walisema kidonda hakikuwa na namna ya kuepukika, kwa umri wake na kisukari chake. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake: miili mingine inapasuka hata ikitunzwa. Lakini kanuni za shirikisho, zilizotokana na sheria ya mageuzi ya nyumba za wazee ya 1987, haziruhusu nyumba kusema hivyo kirahisi. Ni lazima ionyeshe kwamba ilipima hatari, ikaweka mpango wa matunzo, ikautekeleza, ikafuatilia, ikaubadilisha uliposhindwa. Mpango wa baba uliandikwa siku za mwanzo, ukataja godoro la hewa na kugeuzwa kila saa mbili, na haukuguswa tena mpaka siku aliyoondoka.

Pili, wakamtaja msaidizi wa wauguzi. Saini zake ndizo zilikuwa nyingi. Alikuwa mama kutoka Kongo, mkimbizi aliyepitia kambini kabla ya kuletwa Texas, na baba alikuwa akimpenda kwa sababu alimsalimia kwa Kiswahili. Kampuni ilikuwa imemfukuza wiki chache baada ya notisi yetu. Wakili wao alitaka kuonyesha kwamba kulikuwa na utaratibu mzuri, na mtu mmoja mzembe aliyeuvunja.

Alihojiwa chini ya kiapo katika ofisi ya mawakili, kwa mkalimani. Mimi nilikuwa na haki ya kuwepo, nikakaa. Alikuwa ameinamisha kichwa. Wakili wetu hakumuuliza kwa nini hukumgeuza mzee. Alimuuliza usiku zamuni mlikuwa wangapi. "Tulikuwaka wawili tu," alisema, "njia yote mbili tu." Alikuwa na wazee zaidi ya 20 peke yake. Akaulizwa kama alimwambia mtu. Alisema alimwambia muuguzi wa zamu, na muuguzi akapiga simu kwa msimamizi, na msimamizi akasema wafanye wanavyoweza. Akaulizwa nani alimfundisha kujaza karatasi mwisho wa zamu. Akataja wadhifa wa mtu. Kuanzia swali hilo wakili wa kampuni aliacha kumwangalia mama yule na kuanza kuandika.

Baada ya hapo tuliomba mahakama iamuru watoe ratiba za zamu, kumbukumbu za mishahara, na barua pepe za bajeti. Humo ndimo kesi ilikuwa imelala muda wote. Meneja wa jengo alikuwa ameomba watu zaidi kwa maandishi, na jibu kutoka makao makuu lilikuwa kwamba idadi ya saa za kazi haipaswi kuzidi kiwango kilichopangwa kwa kila mkazi. Mtu aliyekaa katika mji mwingine, asiyemjua baba yangu, alikuwa amekwisha kuamua dakika zake ni ngapi.

Baba hakufika mwisho wa kesi. Tulimrudisha nyumbani, tukahamia chini, tukamgeuza wenyewe kwa saa, na kidonda kilikuwa kimeanza kujaa nyama alipopata kiharusi cha pili. Katika sheria ya Texas dai la aliyeumizwa halikomi kwa kifo chake, warithi wanaliendeleza. Kwa hiyo tuliingia katika usuluhishi kwa niaba yake, sisi chumba kimoja, wao chumba kingine, na msuluhishi akipita katikati na namba.

Walitaka mambo mawili: tusiitaje kampuni wala kiasi, na tusizungumze na mtu yeyote kuhusu yaliyotokea. La kwanza tulilikubali. La pili tulilikataa, na nililikataa mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Tulikuwa tumekwisha kupeleka malalamiko kwa idara ya jimbo inayokagua nyumba hizi, na kwa afisa mtetezi wa wakazi, ambaye sheria ya shirikisho inalitaka kila jimbo liwe naye, na sikuwa tayari kuuza haki ya kuwajibu wakaguzi. Ripoti ya ukaguzi ni mali ya umma. Mtu yeyote anaweza kuisoma. Nilidai pia iandikwe kwamba hawatamdai wala kumshitaki yule mama kwa lolote kuhusu karatasi zile. Msuluhishi alishangaa. Wakili wangu hakushangaa.

Fedha yenyewe ilipungua haraka. Asilimia ya wakili ilitoka, gharama za wataalamu zikatoka, kisha Medicare ikadai irudishiwe ilichokuwa imelipa kutibu kidonda, kama sheria inavyoipa haki. Familia zinazosikia kiasi cha mwanzo na kukipangia matumizi huumia sana hatua hii. Afadhali zimuulize wakili, kabla ya kusaini naye, ni kipi kinatangulia kutoka na kwa utaratibu gani.

Mwaka 2024 serikali ya shirikisho ilitoa kanuni iliyoweka, kwa mara ya kwanza, kiwango cha chini kwa kila nyumba ya wazee: saa 3.48 za huduma kwa mkazi kwa siku, ambapo saa 2.45 kati yake zilikuwa za wasaidizi wa wauguzi. Niliisoma kwa furaha niliyokuwa sijaisikia kwa muda mrefu. Aprili 2025 jaji wa shirikisho wa Amarillo, hukuhuku Texas, aliifuta akisema wizara ilivuka mamlaka iliyopewa na Bunge. Wenye nyumba walisema kanuni ingewafungisha milango kwa kukosa wafanyakazi. Kukosa wafanyakazi ni kweli. Ni kweli pia kwamba wafanyakazi hukimbia kazi yenye wazee 20 kwa zamu na mshahara usiotosha kodi, na walioyapanga hayo ndio wanaoyalalamikia.

Hata bila kanuni ile, saa bado zinahesabiwa. Nyumba zinazolipwa na Medicare au Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, hupeleka serikalini kumbukumbu za malipo ya wafanyakazi, na Medicare huzitangaza kwenye tovuti yake, nyumba kwa nyumba, zikiwamo saa za wikendi. Siku hizi watu wa jumuiya yetu hunipigia simu, na swali langu la kwanza ni saa za wikendi, maana Jumamosi na Jumapili ndipo jengo hukaa bila wakubwa. Nawaambia pia kwamba Texas, tangu 2001, inaruhusu familia kuweka kamera chumbani kwa gharama yake, mkazi wa kitanda cha pili akiridhia. Wengine hunikatiza: dada, sisi tunataka tu kujua ni nani aliyekuwa na mzee usiku ule. Nawapa namba ya wakili. Nawaambia wakifika kwake waanze kwa kuuliza kampuni ipi ina leseni, ipi inamiliki jengo, na ipi inalipwa ada ya usimamizi, kwa kuwa mara nyingi ni kampuni tatu zenye majina tofauti na wenyewe walewale, na fedha iliyopaswa kulipa mtu wa tatu wa zamu ya usiku inakuwa imekwisha kuhama kutoka moja kwenda nyingine kama kodi ya jengo.